Seva Inavyosoma Hesabu (Sehemu ya Tatu)

Wiki iliyopita tuliishia pale maandishi ya mtumiaji yanapofika kwenye seva. Leo tutazame maandishi ambayo ni hesabu.

Tuchukue mfano wa bili za maji. Mtaa wa Mwiki, kama mitaa mingi ya Ruiru nchini Kenya, umejaa ploti za kupangisha. Mwisho wa mwezi keateka husoma mita za maji, kisha bili hutumwa kwa simu. Kwa kuwa kila mwenye ploti hutoza kwa namna yake, baadhi ya programu humwachia aandike kanuni mwenyewe. Tuseme ameandika: (419 - 412) * 130 + 200. Wewe unaona uniti 7 kwa shilingi 130, na shilingi 200 za taka. Jumla 1,110. Seva inaona msururu wa herufi tu.

Njia ya mkato ni eval, amri iliyomo katika PHP, Python na JavaScript, ambayo huyatekeleza maandishi kama programu. Jibu hutoka papo hapo. Hatari ni kwamba eval haikomei kwenye hesabu: mtu akiingiza kwenye kisanduku kilekile amri ya kufuta mafaili, seva itatii. Kuchuja maneno mabaya hakutoshi, maana mwenye nia mbaya ana njia chungu nzima za kuyaficha.

Njia salama aliieleza Mholanzi Edsger Dijkstra mwaka 1961. Maandishi hukatwa vipande, yaani namba, alama na mabano, kisha hupangwa kama mabehewa kwenye yadi ya reli. Namba hupita, alama huwekwa pembeni zingoje. Katika bili yetu, 419 inapita, alama ya kutoa inangoja, 412 inapita. Mabano yanapofungwa, kutoa kunafanyika: 7. Alama ya kuzidisha inangoja, 130 inapita. Inapofika ya kujumlisha, kuzidisha hutangulia kwa kuwa kuna uzito zaidi: 910. Mwisho 200 inaongezwa. Ukiyaondoa mabano, 412 itazidishwa kwanza kwa 130, na bili itakuwa hasi 52,941.

Usalama wa njia hii uko hapa: kipande kisicho namba, alama wala mabano hakina pa kwenda, hivyo kinakataliwa.

Wewe unayeandika programu za bili, ikague kazi yako. Ukikuta eval inapokea maandishi ya mtumiaji, iondoe leo, kabla ya bili za mwezi huu kutumwa.