Kiwanda Kisicho na Msimamizi: Gemu za Mikanda na Paka Zilikotoka

Kuna gemu ya kompyuta inayoitwa Learning Factory. Ndani yake unajenga kiwanda kwenye sayari ya Mars, na wateja wako ni paka. Unachimba madini, unatandaza mikanda ya kubebea mizigo, unaunganisha mashine moja na nyingine, kisha unaifundisha kompyuta ikisie paka wanataka nini. Hakuna adui anayekuvizia wala saa inayokukimbiza. Studio ya Luden.io ilianza kuiuza mwaka 2021.

Ukiitazama juujuu utadhani ni mchezo wa watoto. Lakini huku ughaibuni utawakuta watu wazima wakicheza gemu za ukoo huu: Factorio, Satisfactory, shapez. Baadhi yao wametoka shifti yenye urefu wa saa kumi kwenye ghala la vifurushi, walikosimama mbele ya mkanda wa kweli. Mke akipita nyuma ya kiti na kuona mikanda imejaa kwenye skrini, anauliza swali la haki kabisa: wa mchana haukukutosha?

Jibu limo katika historia ya mkanda wenyewe. Watu hawakuuchukia mkanda kwa sababu unatembea. Waliuchukia kwa sababu kasi yake ilishikwa na mtu mwingine.

Kazi iliyomo ndani

Gemu hizi huanza na mikono mitupu. Katika Factorio chombo chako kimeanguka kwenye sayari usiyoijua, na lengo lako ni kurusha roketi. Unachimba chuma kwa mkono na kukiyeyusha kwenye tanuru la mawe. Muda si mrefu mikono haitoshi, kwa hiyo unaunda mashine ya kuchimba, kisha mkanda wa kupeleka madini kwenye tanuru, kisha mkono wa chuma wa kulilisha tanuru. Kila kazi unayoichoka unaikabidhi kwa mashine, na kila mashine inazaa haja ya mashine nyingine.

Hapo ndipo hesabu inapoingia. Chukua sakiti ya kijani, kipuri ambacho bila hicho Factorio haisongi mbele. Sakiti moja inahitaji bamba moja la chuma na nyaya tatu za shaba. Katika muda ambao mashine ya sakiti inatoa sakiti moja, mashine ya nyaya inatoa nyaya mbili tu. Ukiziweka moja kwa moja, ile ya sakiti itashinda njaa. Uwiano unaokaa sawa ni mashine tatu za nyaya kwa mbili za sakiti: nyaya sita zinatoka, nyaya sita zinaliwa. Aliyewahi kupika chapati za harusi anaujua uwiano wa namna hii. Wasukumaji wakiwa wengi, chapati mbichi zinarundikana na kugandana. Wakiwa wachache, kikaango kinaungua bure.

Mwaka 1984 Eliyahu Goldratt, mwanafizikia wa Israeli, alitoa riwaya ya The Goal ili kueleza jambo moja: kiwanda kizima hakiwezi kwenda kasi kuliko hatua yake iliyo nzito kuliko zote, na kuharakisha hatua nyingine yoyote ni kurundika mali tu. Mchezaji wa Factorio hulijua hilo bila kusoma kitabu. Anaona mkanda umejaa upande huu na mtupu upande ule, anaufuata taratibu mpaka aifikie mashine inayokwamisha wenzake. Anaongeza ya pili pembeni yake, na kiwanda chote kinaanza kupumua. Kisha panakwama pengine.

Mkanda ulianzia machinjioni

Asili ya laini ya kiwandani haimpendezi mtu anayependa wanyama. Katika karne ya 19, machinjio ya Cincinnati, na baadaye ya Chicago, yalining'iniza mizoga kwenye ndoana zilizosafiri kwenye reli ya juu. Kila mfanyakazi alisimama mahali pake, akakata sehemu yake, mzoga ukasogea kwa mwenzake. Henry Ford aliandika mwaka 1922 kwamba wazo la laini yake lilitokana kwa ujumla na mtambo huo wa wachinjaji wa Chicago. Wao walikuwa wakimvunja mnyama vipandevipande. Yeye akaugeuza mwendo, akaunganisha gari.

Mwaka 1913 kiwanda chake cha Highland Park, Michigan, kilianza kuunganisha chasisi za magari ya Model T kwenye laini inayotembea. Kazi iliyochukua zaidi ya saa 12 ikashuka hadi takriban saa moja na nusu katika muda wa miezi. Wafanyakazi nao wakaanza kukimbia. Mwaka huo kiwango cha watu kuacha kazi na kubadilishwa kilifikia asilimia 370, yaani ili nafasi 100 zisibaki wazi ilibidi kuajiri watu wapatao 370 kwa mwaka. Januari 1914 Ford akatangaza malipo ya dola 5 kwa siku, na saa za kazi zikapunguzwa kutoka 9 hadi 8. Wengi walimsifu kwa ukarimu. Ukiangalia ile asilimia 370, utaona pia kwamba alikuwa akinunua subira ya watu.

Mambo hayo hayajaisha. Nenda leo kwenye miji ya Iowa au Nebraska yenye viwanda vya nyama, simama kwenye maegesho wakati shifti zinapopokezana, na utasikia Kiswahili cha Wakongo na Warundi. Waulize kinachowaumiza. Kisu kina ukali wake na baridi ina yake, lakini wengi wataanza na kasi ya mnyororo, inayopangwa ofisini na mtu asiyeshika kisu.

Wapo waliojaribu kuipunguza shida hiyo. Toyota, katika mfumo uliojengwa na Taiichi Ohno, ilimpa mfanyakazi kamba ya kuvuta ili asimamishe laini akiona kasoro. Volvo nayo ilifungua kiwanda cha Kalmar, Sweden, mwaka 1974, ambako magari yalisogezwa kwenye vitoroli na vikundi vya wafanyakazi vikajigawia kazi. Kiwanda chake cha Uddevalla, kilichozinduliwa mwaka 1989, kilikwenda mbali zaidi: kikundi kimoja kiliunda gari zima. Kilifungwa mwaka 1993, na Kalmar kikafuata mwaka 1994.

Nasaba ya gemu zenyewe

Mwaka 2009 Mmarekani Zach Barth alitoa gemu ndogo ya kuchimba vitalu iitwayo Infiniminer. Markus Persson wa Sweden aliiona, ikampa mwelekeo wa Minecraft, gemu isiyohitaji kutambulishwa kwa yeyote mwenye mtoto wa shule. Wachezaji wa Minecraft hawakuridhika na walichopewa, wakaanza kuitengenezea nyongeza zao. Mbili kati ya hizo, BuildCraft na IndustrialCraft, zilileta mabomba, injini na mashine zinazochimba zenyewe.

Nyongeza hizo ndizo zilizomwasha Michal Kovařík huko Prague. Kazi ya Factorio ilianza mwaka 2012, na mwanzoni mwa 2013 yeye na wenzake walichangisha fedha mtandaoni, wakapata zaidi kidogo ya euro 21,000. Studio yao, Wube Software, iliiweka gemu kwenye duka la Steam Februari 2016 ikiwa bado haijakamilika. Toleo kamili lilitoka Agosti 2020. Wube wana msimamo wa kutoipunguza bei kamwe. Mwaka 2023, gharama za maisha zilipopanda, waliipandisha kutoka dola 30 hadi 35. Wachezaji waliipachika jina la Cracktorio, kwa kuifananisha na dawa ya kulevya, na jina hilo lina ukweli wake saa tisa za usiku.

Baada ya hapo ukoo ukapanuka. Coffee Stain Studios ya Skövde, mji wa Sweden wenye kiwanda cha injini cha Volvo na chuo kikuu kinachofundisha utengenezaji wa gemu, ilitoa Satisfactory mwaka 2019, na toleo kamili Septemba 2024. Hao ndio waliowahi kutuletea Goat Simulator, gemu ya mbuzi mharibifu. Factorio unaitazama kutoka juu kama ramani. Kwenye Satisfactory unatembea katikati ya mashine zako na kuziinulia macho. Ujerumani, Tobias Springer alitoa shapez mwaka 2020, ambamo hakuna chuma wala shaba, ni maumbo tu ya kukatwa, kugeuzwa na kupakwa rangi. Chongqing, China, kikundi kidogo cha Youthcat Studio kilitoa Dyson Sphere Program Januari 2021, ambamo kiwanda kinatoka sayari moja hadi nyingine mpaka kuizunguka nyota nzima.

Utulivu ulivyotengenezwa

Factorio yenyewe, ukiicheza kama ilivyokuja, si tulivu hata kidogo. Mashine zinatoa moshi, moshi unawafikia wadudu wenyeji wa sayari, wadudu wanakuja kubomoa. Inakuambia bila kuficha kwamba kiwanda kina majirani, na majirani wana hasira. Asiyetaka vita anaweza kuwatuliza au kuwaondoa kabisa kabla hajaanza.

Waliofuata waliigeuza ruhusa hiyo kuwa msingi. Shapez haina adui yeyote, na majengo yake ni bure. Dyson Sphere Program ilitoka bila maadui. Walipoongezwa mwishoni mwa 2023, mchezaji aliachiwa uhuru wa kuwazima. Satisfactory ina viumbe wakali, lakini kwenye mipangilio unaweza kuwaamuru wasikushambulie.

Kilicho muhimu zaidi ni gharama ya kukosea. Ukibomoa jengo kwenye Satisfactory unarudishiwa vifaa vyote, mpaka msumari wa mwisho. Ukigundua kwamba ulijenga tanuru ishirini mahali pasipofaa, unazing'oa na kuanza upya bila hasara. Ukisimamisha laini ili uiangalie kwa utulivu, inasimama, na hakuna anayepiga simu. Kwenye kiwanda cha kweli kila dakika ya laini iliyosimama ina anayeihesabu, na aliyeisimamisha huitwa ajieleze.

Kwa hiyo gemu haijakipunguzia kiwanda kelele tu. Imekihamisha kiti cha mwenye maamuzi. Wewe ndiye unayepanga kasi, unayeamua ipi ifanywe kwanza, na unayeruhusiwa kusema leo tunabomoa. Mtu aliyesimama kwenye laini kwa miaka anajua mahali panapokwama kuliko aliyeichora, ila hakuna anayemuuliza. Hapa maarifa yake yanapata mamlaka.

Wanyama wanatafuta nini humo

Kwenye Satisfactory kuna kiumbe mfano wa mjusi aliyechanganywa na mbwa, kwa jina Lizard Doggo. Ukimpa tunda fulani la porini anakuwa wako, anakufuata, na mara kwa mara anakuletea kitu alichookota. Kwa hesabu ya kiwanda mchango wake si mkubwa. Lakini ukienda kumpapasa umeacha mashine zifanye kazi bila wewe, na hapo umeamini kwamba kweli zinajiendesha. Gemu hiyohiyo ina mpangilio kwa wanaoogopa buibui: ukiuwasha, buibui wakubwa wa sayari ile wanageuka picha za paka.

Learning Factory imekwenda hatua nyingine. Mnyama aliyeingia kwenye laini ya Chicago akiwa mzoga, hapa ameingia akiwa mteja, na kiwanda chote kipo kwa ajili ya kumridhisha.

Mgeuzo huo hauko kila mahali. Palworld, iliyotolewa na Pocketpair ya Japani Januari 2024, ina viumbe wa kupendeza wa kila rangi, lakini humo wao ndio wafanyakazi. Unawakamata, unawapanga kwenye mashine, na ukiwatumikisha kupita kiasi wanaugua. Ghafla kiti cha msimamizi wa wafanyakazi kimepata mtu wa kukikalia, na mtu huyo ni wewe. Ndipo unaona kilichofanya gemu nyingine ziwe tulivu: hazina wafanyakazi kabisa. Hakuna mgongo unaouma kwa sababu hakuna mgongo. Aliyetoka kwenye laini asubuhi hiyo anaujua upungufu huo bila kuelezwa na yeyote, na anazicheza gemu hizo hivyohivyo kama mapumziko.

Ukitaka kuanza

Anza na shapez. Haina masharti makubwa ya kompyuta, na mtoto wa miaka kumi anaweza kuicheza pembeni yako mkibishana njia ya kupitisha mkanda. Ukipenda mandhari na una kompyuta yenye nguvu, nenda Satisfactory na uwashe ule mpangilio wa viumbe wasioshambulia. Inaruhusu kucheza pamoja mtandaoni, kwa hiyo ndugu aliye Toronto na aliye Oslo wanaweza kujenga kiwanda kimoja. Factorio iweke mwisho. Haihitaji kompyuta ya kifahari, na ndiyo yenye kina kuliko zote, lakini usiifungue usiku wa kuamkia shifti ya alfajiri bila kutega kengele ya simu. Kiwanda hicho hakina king'ora cha kutoka kazini, na humo ndani msimamizi wa kukufukuza urudi nyumbani hayupo.