Mada ya Marudio: Usukani Mzito na Usukani Usiojirudi Katikati

Malengo ya mada
Ukimaliza kusoma mada hii uweze:
(a) kueleza kwa nini usukani hujirudi wenyewe gari linapotoka kwenye kona;
(b) kutofautisha usukani mzito na usukani usiojirudi;
(c) kutaja hatua za kutafuta hitilafu kwa mpangilio sahihi;
(d) kukokotoa momenti inayohitajika kuzungusha usukani.

Utangulizi
Swali la usukani huwakosesha alama watahiniwa wengi kwa sababu moja. Wakisoma tu kwamba "usukani ni mgumu", wanaandika "badilisha reki" au "ongeza mafuta ya pawa". Hilo ni jibu la kubahatisha. Anayebahatisha gerejini humlipisha mteja kifaa kisichohusika, na gari hurudi barabarani na ubovu uleule. Dereva ambaye usukani wake haurudi baada ya kona anaweza kujikuta upande wa pili wa barabara. Kwa hiyo kumbuka kanuni moja ya mada hii: usitaje kifaa kabla ya kugawanya mfumo na kujua hitilafu iko upande gani.

1. Usukani hujirudije?
Fanya jaribio hili nyumbani. Chukua baiskeli, ishike kwenye kiti tu, kisha isukume mbele. Gurudumu la mbele linanyooka lenyewe. Sasa ivute kinyumenyume. Gurudumu linageuka na baiskeli inataka kuanguka. Chanzo ni mlalo wa uma wa mbele. Ukichora mstari kufuata mhimili ambao gurudumu hugeukia, mstari huo hugusa ardhi mbele ya mahali tairi linapogusa ardhi. Tairi basi linaburutwa nyuma ya mhimili wake, na kitu kinachoburutwa hujipanga nyuma ya kinachokiburuta.

Gari limetengenezwa kwa kanuni hiyohiyo. Mhimili wa kugeukia gurudumu la mbele umelala kidogo kuelekea nyuma kwa upande wa juu. Pembe hiyo huitwa kasta. Katika magari madogo mengi ni nyuzi chache tu. Mhimili huo pia umelala kuelekea ndani ya gari kwa upande wa juu. Kwa sababu hiyo, unapokata kona, sehemu ya mbele ya gari huinuliwa kidogo. Ukiachia usukani, uzito wa gari unataka kushuka na kuyarudisha magurudumu katikati.

Kumbuka: nguvu ya kurudisha usukani si kubwa. Msuguano wowote wa ziada katika viungo unaweza kuishinda. Usukani hushindwa kurudi kwa sababu mbili tu: ama nguvu ya kurudisha imepungua, ama msuguano umeongezeka.

2. Soma dalili kwanza
Kabla ya kushika spana, mwulize dereva maswali manne:
(i) Usukani ni mzito gari likiwa limesimama, likiwa linatembea, au wakati wote?
(ii) Ni mzito pande zote mbili au upande mmoja?
(iii) Uzito ni uleule muda wote, au unakuja na kupotea usukani unapozunguka?
(iv) Tatizo lilianza polepole, au lilianza baada ya matengenezo au baada ya kuingia kwenye shimo?

Dalili na maana yake:
• Mzito wakati wa kuegesha, mwepesi mwendoni: angalia upepo wa matairi na mfumo wa msaada wa usukani.
• Mzito wakati wote na haurudi: kuna msuguano katika viungo, katika reki au katika nguzo ya usukani.
• Mwepesi lakini haurudi: angalia kasta na mpangilio wa magurudumu, kisha msuguano unaofichwa na mfumo wa msaada.
• Unakaza na kulegea mara mbili katika mzunguko mmoja: krosi ya nguzo ya usukani imekauka au imeshika kutu.
• Springi inajikunja kisha inaruka kwa mlio: beringi ya juu ya shokapu imekwama.
• Gari linavuta upande mmoja: linganisha upepo, aina ya matairi na pembe za pande mbili. Gusa pia rimu baada ya mwendo. Iliyo ya moto kuliko mwenzake inaonyesha breki inayoshika.

3. Anza na upepo
Hiki ndicho kipimo rahisi kuliko vyote, nacho ndicho kinachosahaulika. Eneo la tairi linalogusa ardhi hukadiriwa kwa kugawanya uzito kwa mgandamizo. Tuseme gurudumu moja limebeba 3000 N na upepo ni 200 kPa, yaani takriban 29 psi:

Eneo = 3000 ÷ 200 000 = 0.015 m² = sm² 150

Upepo ukishuka hadi 100 kPa, eneo hukadiriwa kuwa sm² 300. Kwa kweli ukuta wa tairi nao hubeba sehemu ya uzito, hivyo eneo haliongezeki mara mbili kamili, lakini ukweli unabaki: tairi laini linagusa ardhi kwa eneo kubwa, na kulizungusha mahali pamoja ni kazi nzito. Jaza upepo kulingana na kibandiko cha mtengenezaji, ambacho kwa kawaida huwekwa kwenye fremu ya mlango wa dereva. Kisha jaribu tena.

4. Kagua mfumo wa msaada
Usukani unaosaidiwa na mafuta: kagua kiwango cha mafuta, uvujaji kwenye mipira na mkanda wa pampu. Mkanda uliolegea hupiga kelele ukikata kona hadi mwisho. Pampu inayonyonya hewa hulia kwa mvumo.

Usukani unaosaidiwa na mota ya umeme: magari madogo mengi ya miaka ya karibuni yana aina hii. Hayana mafuta ya usukani, kwa hiyo usiandike "ongeza mafuta" kabla ya kusoma swali vizuri. Kagua taa ya tahadhari kwenye dashibodi, fyuzi, nyaya za betri na nguvu ya betri. Betri dhaifu inaweza kuufanya msaada ukatike.

Tahadhari: injini ikiwa imezimwa usukani wa namna zote mbili huwa mzito. Hiyo si hitilafu.

5. Kipimo kikuu: inua magurudumu ya mbele
Usalama kwanza. Egesha gari mahali tambarare, vuta breki ya mkono na weka kabari nyuma na mbele ya magurudumu ya nyuma. Inua kwa jeki, kisha litue gari juu ya stendi imara. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.

Zima injini, ondoa kufuli ya usukani, kisha zungusha usukani kutoka mwisho hadi mwisho.
• Ukiwa mwepesi na laini: viungo vingi ni vizima. Tatizo liko kwenye matairi, mfumo wa msaada au pembe za magurudumu.
• Ukiwa mzito au unakwama: msuguano uko ndani ya mfumo wenyewe. Endelea na hatua ya 6.

Beringi ya juu ya shokapu inaweza kukudanganya hapa, kwa sababu gari likiwa limeinuliwa mzigo wake umepungua. Hivyo, gari likiwa chini, mwambie mwenzako azungushe usukani huku wewe ukigusa springi kwa kiganja, bila kuingiza vidole kati ya mizunguko yake. Springi inapaswa kuzunguka sawasawa pamoja na gurudumu. Ikikaa, ikajikunja kisha ikaruka, umempata mkosaji.

6. Gawanya mfumo katikati
Gari likiwa bado juu ya stendi, fungua ncha za tairodi zote mbili kutoka kwenye vishikio vya magurudumu. Sasa mfumo umekuwa sehemu mbili.

Sehemu ya kwanza, usukani, nguzo na reki: zungusha usukani. Ukibaki mzito, shuku krosi ya nguzo, reki iliyoingia maji na kutu baada ya mpira wake kupasuka, au skrubu ya kurekebisha reki iliyokazwa kupita kiasi.

Sehemu ya pili, magurudumu: geuza kila gurudumu kwa mkono, kulia na kushoto. Lililo gumu kuliko mwenzake lina boljointi iliyokauka grisi au beringi ya juu iliyokwama. Tingisha pia kila ncha ya tairodi. Inapaswa kusogea kwa ulaini, bila kulegea na bila kukwama.

Wakati wa kurudisha, kaza nati kwa kipimo cha mtengenezaji na weka kota pini mpya pale inapotumika.

7. Kila kitu kikiwa chepesi, lakini usukani bado haurudi
Hapo nguvu ya kurudisha ndiyo iliyopungua. Mkono wa chini uliopinda kwa kugonga shimo, au bushi zilizokufa, husogeza gurudumu nyuma na kupunguza kasta. Peleka gari kwenye mashine ya alaimenti, soma kasta ya kila upande na uilinganishe na vipimo vya mtengenezaji. Katika magari madogo mengi kasta hairekebishwi kwa skrubu. Kifaa kilichopinda hubadilishwa. Kurekebisha tairodi pekee hakurudishi kasta.

8. Mfano wa hesabu
Usukani una kipenyo cha sm 36. Fundi amefunga mizani ya springi kwenye ukingo wake na kuvuta kwa pembe mraba, injini ikiwa imezimwa. Gari likiwa chini mizani ilisoma 150 N. Gari likiwa limeinuliwa ilisoma 30 N. Kokotoa momenti katika kila hali na ueleze tofauti yake.

Jibu
Nusu kipenyo = 36 ÷ 2 = sm 18 = 0.18 m
Momenti gari likiwa chini = 150 × 0.18 = 27 Nm
Momenti gari likiwa limeinuliwa = 30 × 0.18 = 5.4 Nm
Tofauti = 27 – 5.4 = 21.6 Nm

Katika mfano huu, 21.6 Nm ni mzigo unaotokana na matairi kugusa ardhi yakiwa yamebeba gari. 5.4 Nm ni upinzani wa mfumo wenyewe. Kumbuka kugeuza sentimita kuwa mita kabla ya kuzidisha.

9. Mfano wa swali la maelezo
Gari dogo lenye usukani wa mota ya umeme ni jepesi kuegesha. Matairi yana upepo sahihi. Tangu lilipobadilishwa boljointi za chini wiki iliyopita, usukani haurudi katikati baada ya kona. Eleza utakavyotafuta hitilafu. (Alama 10)

Jibu la mfano
Wepesi wa kuegesha unaonyesha kwamba mfumo wa msaada unafanya kazi. Upepo nao umethibitishwa. Kwa kuwa tatizo lilianza baada ya matengenezo, boljointi mpya ndizo za kwanza kushukiwa: huenda ni ngumu mno au hazikufungwa sawasawa. Mota ya msaada inaweza kuficha msuguano huo dereva anapokata kona. Nitainua magurudumu ya mbele, nitatua gari juu ya stendi na kuzungusha usukani injini ikiwa imezimwa. Nitafungua ncha za tairodi na kugeuza kila gurudumu kwa mkono. Yakiwa magumu, nitakagua boljointi na beringi za juu za shokapu. Yakiwa mepesi, nitakagua nguzo na reki. Vyote vikiwa vyepesi, nitapima kasta. Baada ya matengenezo nitajaribu gari kwa mwendo mdogo mahali salama.

Angalia: jibu limemtaja mshukiwa, lakini halikumhukumu kabla ya kipimo. Mtahini anatafuta mpangilio huo.

Zoezi
1. Kwa nini baiskeli inayosukumwa mbele hunyooka yenyewe, lakini ikivutwa nyuma hugeuka?
2. Usukani wa kipenyo cha sm 40 unahitaji nguvu ya 25 N. Kokotoa momenti.
3. Taja dalili moja inayotofautisha krosi iliyokauka na boljointi iliyokauka.
4. Fundi amerekebisha tairodi, lakini usukani bado haurudi. Vipimo vyote vya msuguano ni vizuri. Apime nini, na kwa nini?