Randa ya Kina: Chombo Kidogo, Faida Kubwa

Katika zama hizi ambazo kila kazi yatazamiwa kufanywa kwa mashine, ni jambo la kutia moyo kuona maseremala wa Uingereza, Marekani na Kanada wakishangilia chombo kisichokuwa na mota wala waya. Chombo chenyewe ni randa ndogo ya mkono, ambayo kazi yake si kulainisha uso wa ubao kama randa tuliyoizoea, bali kusawazisha chini ya shimo lililochimbwa ndani ya ubao. Kwa kuwa kazi yake ni kutunza kina, hapa tutaiita randa ya kina.

Umbo lake si la ajabu. Ni kitako bapa cha chuma chenye vishikio viwili, kimoja kila upande, na katikati kimesimama kisu kilichopindwa mbele mfano wa unyayo, makali yake yakiwa penye vidole. Fundi hukiteremsha kisu kwa parafujo hadi kina akitakacho, akakikaza, kisha akaisukuma randa. Kitako hutambaa juu ya uso wa ubao, nacho kisu hupita chini ndani ya shimo: penye kinundu hukata, palipokwisha kuwa sawa hupita bila kugusa. Mwisho wa kazi, chini ya shimo huwa sambamba na uso wa ubao, bila ya fundi kukisia kwa jicho.

Wala hiki si chombo kilichozuliwa jana. Zamani mafundi wa Uingereza walikitengeneza kwa kipande cha mti na kisu, wakakipa jina la utani la jino la bibi kizee, kwa jinsi kisu kilivyochomoza peke yake. Katika miaka ya 1880 kampuni ya Stanley ya Marekani ilianza kukiuza kwa umbo la chuma, kikajulikana kwa namba 71. Ruta za umeme zilipoenea, randa hii ilisahauliwa na wengi. Waliobaki kuipenda wakawa wanagombania zile kuukuu, na bei ikapanda. Katika miongo ya karibuni viwanda vya Veritas vya Kanada na Lie-Nielsen vya Marekani vimetoa randa mpya za namna hiyo, na hapo ndipo shangwe ilipoamka.

Huenda msomaji akauliza: shangwe ya maseremala wa ng'ambo yatuhusu nini sisi watu wa visiwani? Yatuhusu sana. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, na Mji wa Kale wa Lamu mwaka 2001. Katika miji yote miwili, kitu cha kwanza kumlaki mgeni ni mlango wa nakshi. Nakshi hiyo huonekana kwa kuwa fundi ameondoa mti ulioizunguka, na kuacha ua, jani au mnyororo umesimama juu ya uwanda ulioshushwa. Uwanda ukiwa na mabonde na vilima, kivuli huvurugika na nakshi hufifia. Patasi ya fundi hodari yaweza kuusawazisha, lakini mkono wa mwanafunzi huchukua miaka kufika hapo. Pale penye nafasi ya kuipitisha, randa ya kina humwekea mwanafunzi mpaka asioweza kuuvuka.

Iko pia kazi ya kila siku. Milango ya kale iligeuka juu ya vigingi vyake vilivyoingia katika kizingiti cha juu na cha chini, lakini milango tunayoitia majumbani leo huning'inia kwa bawaba. Bawaba ikizamishwa kupita kiasi, mlango hugoma kufunga na parafujo hulegea. Ikizamishwa kidogo, hubaki upenyo. Tofauti yenyewe haizidi unene wa ukucha, nayo ndiyo humrudisha fundi kwa mteja mara ya pili bila ya malipo.

Wapo watakaosema kwamba ruta ya umeme hufanya haya yote kwa haraka zaidi. Ni kweli, nasi hatuibezi. Lakini wananchi wa Unguja hawajasahau mwaka 2008, njia ya umeme itokayo Bara ilipoharibika na kisiwa kikakaa karibu mwezi mzima gizani; wala hawajasahau kiza cha miezi mitatu kilichoanza Desemba 2009. Waya mpya wa chini ya bahari ulianza kutumika mwaka 2013, na hiyo ni neema. Hata hivyo, fundi ambaye riziki yake yote imefungwa kwenye waya mmoja hana salama. Tena ruta ikiteleza mara moja huharibu nakshi ya wiki nzima, hali randa ya kina hukata kidogo kidogo.

Kikwazo ni bei, kwani randa ya kiwandani kutoka ng'ambo si mzigo mwepesi kwa kijana anayeanza kazi. Lakini seremala na mwalimu wa Uingereza, Paul Sellers, ameonyesha njia ya maskini: kipande cha mti mgumu hutobolewa tundu la mshazari, patasi ya kawaida ikapigiliwa humo hadi ikabana, makali yakichomoza chini kwa kina kinachotakiwa. Kuongeza kina ni kugonga patasi kwa nyundo. Fundi wetu hashindwi kuiunda kwa kipande cha mvule kilichobaki.

Kwa hiyo twawaomba wakuu wanaohusika na mafunzo ya amali wasiione habari hii kuwa ndogo. Kila mwanafunzi wa useremala na aunde randa yake ya kina kabla ya kukabidhiwa mashine, na karakana zinazofundisha nakshi zipatiwe walau chache za chuma. Gharama yake ni ndogo mno ikilinganishwa na thamani ya mlango mmoja wa kale ulioharibiwa kwa matengenezo ya pupa. Wahenga walinena kwamba haba na haba hujaza kibaba. Kwa seremala, haba na haba pia huchimba shimo lililo sawa.