Kutembea na kula Msitu wa Kakamega: yafaayo kujua kabla ya kikundi kuondoka

Wakazi wengi tunaupita Msitu wa Kakamega kila wiki bila kuingia ndani. Ikiwa chama chenu, kwaya au familia inapanga kwenda kutembea huko na kuonja vyakula vya kwetu, tangulizeni jambo moja: chakula cha msituni huliwa nyumbani kwa mwenyeji. Hakichumwi njiani.

Msitu una lango la Buyangu, kando ya barabara ya Kakamega kwenda Webuye, lililo chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS), na lile la Isecheno, kupitia Shinyalu, lililo chini ya Shirika la Huduma za Misitu (KFS). Pande zote mbili kuna waongozaji kutoka vijiji vya jirani. Msiingie bila mmoja wao, maana vijia vinafanana na ni rahisi kupotea. Anzeni asubuhi na mapema. Mvua ya huku hupenda kunyesha alasiri, na kuteremka kilima cha Lirhanda kwenye tope huku radi ikipiga si mchezo. Vaeni viatu vilivyofunika miguu na mchomeke suruali ndani ya soksi. Nyoka wapo, lakini watakaowasumbua zaidi ni siafu.

Hatari kubwa kuliko nyoka ni uyoga. Ule unaoota kwenye vichuguu wakati wa mvua ni mtamu na wazee wetu wameula tangu zamani, lakini upo wenye sumu unaofanana na ule unaoliwa, na kuupika hakuondoi sumu yote. Mwingine huanza kuumiza tumbo saa 6 au zaidi baada ya kula, wakati kikundi kimeshatawanyika na kila mtu yuko kwake. Kwa hiyo mwanakikundi yeyote asichume. Mtu akitapika au kuharisha baada ya kula uyoga, mpelekeni hospitali mara moja pamoja na mabaki yake, hata akisema amepata nafuu.

Mukombero hauna sumu; tatizo lake ni jingine. Kinachotafunwa ni mzizi, na mzizi ukichimbwa wote mmea unakufa. Ndiyo maana siku hizi ni adimu karibu na vijia, na wachimbaji huingia ndani zaidi kuutafuta. Sheria ya misitu ya 2016 inakataza kutoa mazao ya msitu wa serikali bila kibali, na mzizi mmoja mfukoni ni zao la msitu. Wapo wakulima wanaoupanda mashambani mwao. Nunueni kwao, tena muulize ulikotoka kabla ya kulipa.

Baada ya matembezi ndipo raha inapoanza. Mwombeni mwongozaji awaunganishe mapema na familia au kikundi cha akina mama kinachopika. Mtapata mrenda uliochanganywa na majani ya kunde, ukalainishwa kwa mushelekha, yale maji ya majivu yaliyochujwa, pamoja na ugali wa wimbi au mtama. Msimu ukiruhusu kuna kumbikumbi, yaani chiswa: hung'olewa mabawa, hukaangwa kwa mafuta yao wenyewe na kutiwa chumvi kidogo. Asiyewahi kuwala aanze na wachache; mtu anayedhurika na kamba wa baharini huenda akadhurika na wadudu pia.

Kubalianeni bei ya chakula siku mbili kabla, na mtoe malipo ya awali. Saga na mito huchemshwa kwa muda mrefu ndipo uchungu utoke, na kuku wa kienyeji hatafutwi wageni wakiwa wameshaketi. Semeni pia mko wangapi, na ni nani asiyekula nyama. Ada ya kuingia msituni hulipwa kando.