Je, Wajua Bamba Jeusi la Kitako cha Bunduki ni Mpira?

Chukua bunduki ya marisau iliyotengenezwa Marekani miaka mia iliyopita, uigeuze utazame kitako, pale panapoegemea bega. Utakuta bamba jeusi lenye michoro, limefungwa kwa skrubu mbili. Kwenye bunduki nyingi za Parker Brothers wa Meriden, Connecticut, katikati ya bamba pana kichwa cha mbwa wa kuwindia. Na mara nyingi ncha ya chini imemeguka.

Wengi hudhani ni pembe au plastiki. La, ni mpira, ule ule wa utomvu wa mti. Mwaka 1839 Charles Goodyear aligundua kwamba mpira ukipikwa na salfa kidogo haunati kwa joto wala haukakamai kwa baridi. Ndugu yake Nelson akaizidisha salfa mara kadhaa, akapata kitu kigumu kama mpingo; hataza yake ni ya mwaka 1851. Kitu hicho, kiitwacho ebonaiti, kilitumika kutengenezea vitana, kalamu za wino na mabamba haya. Ebonaiti inashika mchoro hadi manyoya ya sikio la mbwa, lakini haipindiki. Bunduki ya kilo tatu ikisimamishwa kwenye kona, uzito wote unaangukia ile ncha. Ikiteleza mara moja tu, kipande kinaruka.

Mabamba mapya ya plastiki yanauzwa. Mimi nashikilia la zamani litengenezwe, maana kiwandani bamba na mbao vilipigwa tupa pamoja, na jipya ni nadra kulingana na ukingo wa kitako.

Kwanza hakikisha bunduki haina risasi. Bisibisi ijae mfereji wa skrubu, ikicheza, itaula. Kisha litoe bamba, ukwaruze ukingo uliovunjika. Hapo itakupanda puani harufu ya salfa iliyojificha humo karne nzima! Zungushia ukuta wa udongo wa kufinyangia, changanya masizi na epoksi inayokauka polepole, jaza ipite usawa kidogo, usubiri hadi kesho. Ndipo tupa ndogo ya pembetatu ishike kazi. Kila mstari wa mchoro uanzie kwenye bamba la zamani ndipo uvuke kuingia kwenye kiraka; ukianzia kwenye kiraka, mistari haitakutana.

Rangi ndiyo inayowaumbua mafundi. Ebonaiti ikipigwa na mwanga kwa miaka hugeuka kahawia, hivyo kiraka cheusi tititi huonekana toka mlangoni. Tia rangi ya kahawia kidogo ndani ya epoksi, paka tone kwenye kipande cha kadi, likauke, ulilinganishe na bamba juani. Na usilioshe kwa maji ya moto, litazidi kupauka.

Mwishowe rudisha kila skrubu kwenye tundu lake, kwa mkono mwepesi, maana kukaza mno ndiko kunakopasua bamba. Mifereji ya skrubu zote mbili ielekee urefu wa bamba, kama mafundi wa zamani walivyoiacha.