Wino Mwekundu Usigeuke Buluu: Kuhamisha Picha za Miswada Baina ya Maktaba za Michoro

Miswada ya tenzi za Kiswahili iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu, kama ile iliyohifadhiwa SOAS, London, aghalabu husomwa siku hizi kupitia picha za kidijitali. Katika baadhi ya miswada, maneno huandikwa kwa wino mweusi na alama za kutenga vipande kwa wino mwekundu. Rangi, basi, ni sehemu ya matini. Makala haya yanafafanua jinsi inavyoweza kupotoshwa picha inapohamishwa kutoka maktaba moja ya michoro hadi nyingine. Maktaba hapa ni mkusanyo wa misimbo iliyokwisha kutayarishwa kwa matumizi ya waandishi wa programu.

Picha ya aina hii huundwa kwa nukta ziitwazo pikseli. Kwa kawaida, kila pikseli ya rangi huwa na baiti 3, na kila baiti hubeba namba kati ya 0 na 255. Maktaba ya Pillow huzipanga hivi: nyekundu, kijani, buluu. OpenCV huanza na buluu na kumalizia na nyekundu. Baiti zenyewe hazijitambulishi. Wino mwekundu ambao OpenCV imeuhifadhi kama 40, 30, 180 ukikabidhiwa Pillow bila kupangwa upya, huonekana buluu. Wino mweusi haubadiliki, kwa kuwa namba zake tatu hukaribiana. Hapo ndipo penye hatari: maandishi husomeka barabara, na mtafiti huweza kuandika kwamba mnakili alitumia wino wa buluu. Katika OpenCV, amri ya cvtColor hurekebisha mpangilio huo kabla ya picha kuhamishwa.

Suala la pili ni safu. Katika faili za BMP, idadi ya baiti za kila safu sharti igawike kwa 4. Safu ya pikseli 1,001 huhitaji baiti 3,003, hivyo huongezwa baiti 1 tupu. Programu isiyoiruka baiti hiyo husogeza kila safu, na ukurasa ukalala mshazari. Aidha, safu hizo kwa kawaida huanzia chini. Asiyelizingatia hilo hupata picha iliyopinduka.

Mhakiki wa matini hulinganisha nakala na asili yake. Vivyo hivyo, yafaa alinganishe namba za pikseli chache za wino mwekundu kabla na baada ya kuhamisha picha. Ukurasa uliopinduka hujifichua wenyewe. Rangi iliyobadilika hunyamaza.