Saa za Kimya Kambini: Usiku Una Wenyewe

Mtu akaaye katika mtaa wa Amalemba, mjini Kakamega, hashtushwi na kelele, maana amekwisha kuzizoea. Alfajiri huamshwa na pikipiki za abiria; mchana husikia redio za madukani; na usiku, hasa mwisho wa juma, nyimbo za mkesha humjia upande huu na muziki wa arusi upande wa pili. Wahenga walisema, "Kelele za mlango haziniwasi usingizi." Lakini tuyaangalie maneno hayo vizuri. Mlango usemwao ni mlango wa mwenye nyumba mwenyewe. Methali haisemi lolote juu ya mtu atokaye kwake na mlango wake begani, akaenda kuugongagonga kando ya kitanda cha mtu mwingine.

Hilo ndilo shauri tunalotaka kulisema leo. Siku hizi watu wa mjini, na vijana hasa, wameipenda sana desturi ya kwenda kupiga mahema katika Msitu wa Kakamega na kulala huko siku mbili tatu. Mahema si kitu kigeni katika nchi hii. Dhahabu ilipovumbuliwa hapa, miaka ya mwanzo ya 1930, wachimbaji walijaa wakalala katika mahema yao. Ila wale walikuja kutafuta mali, na hawa wa leo waenda kutafuta raha. Desturi yenyewe ni njema. Kijana atokaye mjini akalala chini ya miti mirefu hujifunza kuwasha moto, kuteka maji, kupika na kuishi na wenzake kwa adabu. Lakini adabu moja ya kambi wengi wetu hatujaijua bado, nayo ni adabu ya sauti.

Mimi mwenyewe niliijua kwa aibu. Likizo moja ya Desemba mpwa wangu alinijia akasema, "Mjomba, tumekubaliana vijana kumi na wanane twende kambini, na wazazi wanataka mtu mzima awe pamoja nasi." Nikakubali, nikidhani kazi yangu itakuwa kuangalia moto usiteketeze nyasi na watoto wasitumbukie mtoni. Tukafika katika kiwanja kimoja kilicho ukingoni mwa msitu, tukasimamisha mahema. Jua lilipotua vijana walitoa jenereta ndogo na kipaza sauti kikubwa kama sanduku la nguo, wakaanza kucheza muziki. Mimi nami, sitaficha, nilitikisa kichwa kwa furaha. Tulilala saa 8 usiku.

Asubuhi nilimwona mwongoza wageni wa mahali pale amekaa juu ya kisiki, ameinamisha uso. Tukaamkiana, "Mulembe," nikamwuliza kama yu mzima. Akanijibu kwa upole, na upole wake uliniuma kuliko matusi.

"Mzee," alisema, "katika lile hema la kijani mle walikuwamo wageni wawili. Walitoka mbali kuja kusikiliza ndege wa alfajiri. Tulipatana niwatembeze siku tatu. Saa 11 wamefunga mizigo yao, wakanilipa siku moja, wamekwenda zao. Wamesema hawakulala hata kidogo, na wala ndege hawakuja karibu. Fedha za siku mbili zile nilikuwa nimekwisha kuziwekea hesabu. Mtoto wangu anaingia shule ya sekondari Januari."

Nikamwuliza kwa nini hakuja kutukataza. Akasema, "Niliona mtu mzima yu pamoja nao, nikadhani ameruhusu."

Wasomaji, sikuwa na la kujibu. Nilirudi kwa vijana wangu nikawaeleza. Wengine walisema kwamba wao pia wamelipa, na kiwanja ni cha wote. Neno hilo la mwisho ni kweli, na ndilo lililowahukumu. Maana kama kiwanja ni cha wote, basi usiku wake nao ni wa wote.

Yafaa tufahamu kwanza jinsi sauti inavyokwenda, kwa kuwa watu wengi hudhani kuwa kelele huishia pale wanapoishia watu wanaozipenda. Nguvu ya sauti hupimwa kwa kipimo kiitwacho desibeli. Mahali pa wazi, sauti itokayo katika chombo kimoja hupungua desibeli 6 hivi kila umbali unapozidi mara mbili. Tuchukue kipaza sauti kinachotoa desibeli 90 kwa mtu aliye umbali wa meta 1. Kwa meta 2 zitakuwa 84, kwa meta 4 zitakuwa 78, na tukiendelea hivyo tutaona kwamba kwa meta 512, yaani zaidi ya nusu kilometa, zimebaki desibeli 36. Miti, upepo na udongo huweza kuzipunguza zaidi. Lakini mdundo mzito wa chini haukamatwi sana na majani. Ndiyo maana mtu aliye mbali hayasikii maneno ya wimbo, bali husikia dundo tu, usiku kucha.

Kisha kuna hila ya usiku wenyewe. Mchana ardhi ina joto, na sauti hupinda kwenda juu, ikapotea angani. Usiku ulio shwari hewa ya chini hupoa kuliko ya juu yake, na sauti hupindishwa kurudi chini, ikatambaa mbali. Tena magari yamekwisha kulala, hakuna cha kuifunika. Basi muziki ambao saa 9 mchana haukumfikia jirani, saa 5 usiku umo chumbani mwake, ingawa mwenye kuupiga hakuongeza kitu.

Sheria nayo imelitazama jambo hili. Kanuni za Kenya za kuzuia uchafuzi wa kelele, zilizotolewa mwaka 2009 chini ya sheria ya mazingira ya mwaka 1999, zahesabu usiku kuwa tangu baada ya saa 2 jioni hadi saa 12 asubuhi. Katika mahali pa kukaa watu, kipimo cha nje mchana ni desibeli 50, na usiku ni 35. Msomaji akumbuke hesabu yetu ya meta 512: hata kwa umbali ule, kama hakuna kizuizi, kipaza sauti chetu kingekuwa kimevuka mpaka. Katiba ya mwaka 2010 nayo imezikabidhi serikali za kaunti kazi ya kuzuia kelele zinazoudhi umma. Kwa hiyo mwenye kusumbuliwa hana haja ya kugombana na jirani yake usiku. Ana mahali pa kupeleka neno lake mchana.

Nchi nyingine nazo zimeweka kanuni kwa ajili ya kambi hasa. Katika mbuga za taifa za Marekani, kelele zisizo na sababu kambini zimekatazwa tangu saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi, na sauti ya redio au jenereta haitakiwi kupita desibeli 60 kwa umbali wa meta 15 hivi, hata mchana. Kwetu, Shirika la Huduma kwa Wanyama Pori huwaomba wageni wa mbuga wanyamaze, kwa sababu kelele huwasumbua wanyama na huweza kuwaudhi wageni wenzao. Twaona kwamba sababu ni mbili, nazo zatosha.

Hiyo ya wanyama ina uzito wa pekee hapa petu. Msitu wa Kakamega ni mabaki ya upande wa mashariki kabisa ya misitu ile mikubwa ya mvua iliyoenea toka Kongo. Sehemu yake ya kaskazini, upande wa Buyangu, ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1985. Wamo ndege wa aina zaidi ya 300, wamo mbega na kima. Na usiku hutoka mnyama mdogo wa macho makubwa aitwaye poto, aendaye polepole juu ya matawi kama mtu anayetafuta sindano. Perere hulia gizani, vyura huitana kwenye maji, na bundi huwinda kwa masikio yake. Sauti kwao si mchezo. Ndiyo barua yao, ndiyo hodi yao na ndiyo ilani ya hatari. Ndege aimbaye alfajiri anatangaza mpaka wa shamba lake na kumwita mwenzake. Tukimfunika kwa kelele, ni kama tumeichana barua mkononi mwa tarishi.

Hapa najua baadhi ya wasomaji watasema: "Bwana, sisi ni watu wa ngoma. Je, watutaka tunyamaze kama kaburi?" Swali ni la haki. Ngoma ya isukuti ya Waisukha na Waidakho ni sifa ya nchi hii, na mwaka 2014 shirika la UNESCO liliiandika katika orodha ya urithi wa mataifa unaohitaji kulindwa upesi. Lakini tuitazame ngoma hiyo yenyewe. Isukuti ina sababu yake: kuna kuzaliwa, kuna jando, kuna arusi, kuna msiba, kuna michezo. Jirani aisikiapo hujua kuna nini, na aghalabu huondoka kwake akaenda kushiriki. Ngoma ile humwita mtu aje. Kipaza sauti cha kambini hakimwiti mtu. Chamfukuza tu aliyekuwapo. Wazee wetu hawakuwa watu wa kimya, lakini walijua kwa nini wanapiga, na walijua wakati wa kuitundika ngoma ukutani.

Basi nini kifanyike? Kwanza, kiongozi wa kundi aulize saa za kimya kabla ya kulipa, naye awaambie wenzake kabla ya safari, si baada ya kosa. Pili, baada ya saa 2 muziki uzimwe na mazungumzo yawe ya kuzunguka moto. Ikifika saa 4, kila mtu na hema lake. Tatu, jenereta ibaki nyumbani. Taa ya betri yatosha kumwonyesha mtu njia ya chooni. Nne, mtu afikaye usiku asipige honi, wala asigonge milango ya gari, na hema alisimamishe kwa sauti ya chini. Tano, anayesumbuliwa aende kwanza kwa upole akaseme, maana mara nyingi mwenye kelele hajui kwamba anasikika.

Na wenye viwanja nao wana sehemu yao. Ubao wa saa za kimya usimame langoni, uandikwe kwa Kiswahili na Kiingereza. Walinzi wapewe ruhusa ya kusema, na wakisema waungwe mkono, hata kama mwenye kelele amelipia mahema kumi. Watu wenye arusi au sherehe watengewe upande wao, mbali na wanaolala na mbali na ukingo wa msitu. Mwenye kiwanja akinyamaza kwa kuogopa kupoteza mgeni wa usiku mmoja, atawapoteza wale ambao wangerudi kila mwaka.

Sasa nimalizie habari ya vijana wangu. Siku ile, baada ya maneno mengi, mpwa wangu alikichukua kile kipaza sauti akakifungia garini. Wakachanga, wakampa mwongoza wageni ujira wa kuwatembeza alfajiri ya kesho yake. Wala wasomaji wasidhani kwamba deni lilikwisha. Mchango ule ulikuwa wa siku moja, na siku alizopoteza zilikuwa mbili. Usiku tulilala saa 4. Saa 11 alituamsha kwa kugusa mahema, bila neno, tukamfuata gizani. Tuliposimama chini ya mti mkubwa mbega mmoja alinguruma mbali, sauti nzito kama ya gogo linaloburutwa. Wa pili akamjibu karibu, kisha wa tatu, mpaka bonde lote likajaa. Vijana kumi na wanane walisimama, na hakuna aliyekohoa.

Njiani kurudi Amalemba nilitazamia kwamba redio ya gari itafunguliwa, kama ilivyo desturi. Haikufunguliwa mpaka tulipoingia mjini. Jioni ile, kwa mara ya kwanza, nilitoka nje ya nyumba yangu nikasimama kwenye ua wa jirani, nikasikiliza redio yangu mwenyewe inavyosikika huko. Kisha nikarudi ndani nikaipunguza.